Usalama kwenye shantie (mahali pa ujenzi) Lubumbashi: mwongozo kamili kwa mwenye kiwanja, tasheroni na mpimaji

Kiangazi kikifika, komini za Kampemba, Ruashi, Katuba na Annexe zinajaa kuta zinazopanda. Mwenye kiwanja anaita tasheroni (fundi anayechukua kazi kwa bei ya jumla), tasheroni analeta masoni (waashi) wawili watatu, masoni wanaleta vijana wa kubeba tofali na kukoroga zege, na jioni kila mtu anapokea franka zake na kushika njia. Hakuna aliyeandika kitu. Muulize mwenye kiwanja nani atajibu kijana akianguka, atakuambia umuulize tasheroni. Muulize tasheroni, atakuambia hata yeye anatafuta maisha tu.

Mwongozo huu ni wa hao wawili, pamoja na mpimaji anayetangulia kuweka mipaka. Unasimama juu ya jambo moja ambalo wengi hawalijui: sheria ya Kongo haiulizi nyumba yako ina ghorofa ngapi wala kampuni yako ina jina gani. Inauliza nani anatoa amri na nani analipa.

Sheria zenyewe

Kubwa kuliko zote ni Sheria ya Kazi, n° 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria n° 16/010 ya 15 Julai 2016. Humo mwajiri anapewa wajibu wa kuhakikisha kazi inafanyika katika hali inayolinda usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Mfanyakazi naye anakatazwa kufanya jambo la kujihatarisha yeye mwenyewe, wenzake au watu wengine. Siku hiyohiyo ya 15 Julai 2016 ilitoka sheria n° 16/009 ya hifadhi ya jamii. Hiyo ndiyo inayoongoza CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ule ambao wazee bado wanauita INSS, na ndiyo inayohusu malipo ya ajali za kazi na magonjwa ya kazi.

Chini ya hizo kuna mbili za zamani ambazo hazijafa. Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu inasema, kifungu cha 258, kwamba aliyemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie; kifungu cha 260 kinaongeza kwamba unajibu pia kwa makosa ya wale walio chini yako. Kisha kuna sheria ya makosa ya jinai ya 30 Januari 1940. Vifungu vya 52 hadi 54 vinamhusu mtu aliyesababisha kifo au jeraha kwa kukosa kuona mbele na kukosa tahadhari, bila nia ya kudhuru. Mtu akifa, adhabu ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Ndiyo maana ukuta ukimwangukia kijana, faili linaweza kuishia parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), hata kama familia imeshapewa jeneza, gunia za bunga na karatasi ya kusameheana. Karatasi hiyo haiufungi mdomo wa parke, wala haifuti haki ya familia kwa CNSS.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani mbele ya sheria

Mwajiri, kwa Sheria ya Kazi, ni mtu au kampuni inayotumia huduma ya mfanyakazi mmoja au zaidi kwa mkataba wa kazi. Mmoja anatosha. Mfanyakazi ni yule aliyekubali kufanya kazi kwa malipo, chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Kwa hiyo mwalimu anayejenga nyumba yake Kasapa na kuwapangia masoni kazi kila asubuhi ("leo inueni ukuta wa nyuma, kesho tunafunga linto", yaani boriti ya juu ya milango na madirisha) ni mwajiri. Si lazima awe na duka wala muhuri.

Kama umempa tasheroni kazi nzima kwa bei moja, yeye ndiye anayechagua watu, anayewapangia saa na kuwalipa, basi mwajiri wao ni yeye. Lakini mpangilio huo unasimama kwa vitendo. Siku utakapoanza kuwapa vijana wake amri na kuwalipa kwa mkono wako kwa sababu tasheroni hakuonekana, umeingia mahali pake. Andika mkataba na tasheroni, hata ukurasa mmoja: nani analeta kaske (kofia ngumu) na ngazi, nani anawaandikisha watu CNSS, nani anapeleka majeruhi hospitali, na kwamba kazi itasimama kama hayo hayapo. Tena usimchague tasheroni asiye na kitu kabisa ukifikiri umejikinga. Mahakama ikikuta mfukoni mwake hamna senti, macho yatageuka kwako.

Sasa kibarua wa siku. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sheria inakubali mtu aajiriwe kwa siku, na kwa huyo mkataba wa maandishi si lazima. Lakini akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili kwa mwajiri yuleyule, ukimwita tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kijana aliyekuja kila siku tangu msingi hadi linto si mpita njia tena. Huwezi kumwambia "kesho usije" kama unavyozima taa. Daftari la mahudhurio, jina na tarehe, linamlinda yeye na linakulinda wewe.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya koleo

Ruhusa ya kujenga ni ya kwanza. Inaombwa Urbanisme na Habitat (idara ya mipango miji na makazi) kwa ramani za arshitekti, na namba yake inaandikwa kwenye kibao mbele ya kiwanja. Sitakaa sana hapo; wenyeji mnajua foleni zake. Ila kumbuka kwamba ramani iliyopita kwa mtaalamu ni hatua ya usalama pia: mihimili na nguzo zisizopigiwa hesabu zimeshaangusha slabu nyingi za ghorofa.

Kisha Mkaguzi wa Kazi. Sheria inamtaka anayefungua kazi atoe taarifa kwenye ofisi ya ukaguzi ya eneo lake. Watu wanaikwepa wakidhani wanajitafutia matatizo. Mimi naona kinyume: siku ya ajali, mtu ambaye barua yake ilishagongwa muhuri wa kupokelewa anazungumza kwa sauti nyingine kabisa.

CNSS inastahili hesabu, kwa sababu watu wanaiogopa bila kuijua. Mchango wote ni asilimia 18 ya mshahara: mwajiri analipa 13, mfanyakazi anakatwa 5. Ndani ya zile 13 za mwajiri, asilimia 1.5 tu ndizo za ajali na magonjwa ya kazi. Chukua masoni anayepata franka 300,000 kwa mwezi. Mwajiri analipa 39,000, na sehemu ya ajali humo ni 4,500. Masoni anakatwa 15,000. Franka 4,500 kwa mwezi ndiyo tofauti kati ya familia yenye malipo ya ajali na familia inayozunguka mtaa na sahani ya michango. Mwajiri ajiandikishe kwanza, kisha amwandikishe kila mfanyakazi, na anakili namba za wote kwenye daftari la shantie.

Cheti cha daktari nacho kimo katika sheria: uwezo wa mtu kwa kazi aliyopewa unathibitishwa na daktari. Kwa shantie kina maana kubwa kuliko kwa ofisi. Mwenye kifafa au kizunguzungu hapandi juu. Mwenye pumu hakati zege kavu. Na umri: kazi ya hatari ni marufuku kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto wa miaka 14 anayesaidia wakati wa likizo kubeba mifuko ya saruji ya kilo 50 hayumo katika "kumfundisha kazi". Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inalitazama jambo hilo kwa jicho kali zaidi. Uliza kadi ya mpiga kura au cheti cha kuzaliwa. Akikuambia kimepotea, mtazame usoni.

Mwisho ni bima. Sheria n° 15/005 ya 17 Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kwa hiyo sasa unaweza kulinganisha bei za kampuni kadhaa. Bima za ujenzi zimo kati ya zile za lazima. CNSS inamhusu mfanyakazi wako. Mtoto wa jirani aliyeangukiwa na tofali hayumo humo, na hapo bima ndiyo inayokuokoa na kifungu cha 258.

Hatua ya 3: Mpimaji na timu yake

Mpimaji anakuja kwanza, na mara nyingi anasahaulika katika mazungumzo ya usalama kwa sababu haanguki kutoka ghorofani. Lakini timu ya kupima ina jambo la kisheria la ajabu kidogo. Mpimaji wa Kadastre (idara ya serikali ya vipimo vya ardhi) ni mtumishi wa serikali, na watumishi wa kudumu wa serikali wako nje ya Sheria ya Kazi. Wana sheria yao, n° 16/013 ya 15 Julai 2016. Yule kijana aliyeokotwa mtaani kufyeka, kushika mire (fimbo ndefu ya vipimo) na kuchimba shimo la mpaka hayumo katika utumishi huo. Yeye ni mfanyakazi wa kawaida chini ya Sheria ya Kazi, na mwajiri wake ni yule aliyemwita, anayemwelekeza na anayemlipa: mara mpimaji binafsi, mara mwenye kiwanja mwenyewe. Watu wawili wanasimama kwenye jua moja, wakishika utepe mmoja, na sheria mbili tofauti zinawafunika. Kubalianeni kabla ya kutoka nani anamlipa kijana huyo na nani anajibu akiumia.

Hatari zenyewe ni hizi. Nyasi ndefu za pembezoni mwa mji zinaficha visima vilivyoachwa, mashimo ya vyoo vya zamani na mashimo ya kuchimbia udongo wa tofali. Tembea na fimbo mbele, usirudi kinyumenyume ukiangalia kioo cha chombo. Buti ndefu, kwa ajili ya nyoka na chupa zilizovunjika. Kando ya barabara ya Kasumbalesa au ya Likasi, malori ya migodi hayakungojei: vaa jile ya kung'aa, weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama magari tu, na koni mita nyingi kabla ya kifaa.

Mire ya aluminiamu ikivutwa yote inafika mita 4 au 5. Fimbo ya kaboni ya kubebea prisma (kioo kinachorudisha mwanga wa chombo) nayo inapitisha umeme, ingawa watu wanaichukulia kama plastiki. Chini ya nyaya za SNEL (shirika la umeme) usiinue chochote kabla ya kupima urefu wa waya kwa macho na chombo. Kabla ya kupiga chuma cha mpaka ardhini, waulize SNEL, REGIDESO (shirika la maji) na majirani nini kinapita chini. Katika mitaa ya zamani ya katikati ya mji kuna kebo zilizofukiwa ambazo mwenye nyumba wa leo hajawahi kuziona.

Kuna pia hatari isiyo na kaske: ugomvi wa mipaka. Tangu sheria ya ardhi n° 73-021 ya 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali na mwananchi anamiliki haki yake kwa cheti cha uandikishaji. Lakini kwenye kiwanja chenyewe kuna mtu mwenye panga anayesema babu yake alilima hapo. Mpimaji asiingie kiwanja chenye mgogoro bila taarifa ya maandishi kwa pande zote na bila kiongozi wa mtaa kuwepo. Kazi ikigeuka kelele, funga kifaa, ondoka, andika ripoti. Hakuna nguzo ya mpaka iliyo na thamani ya kichwa cha mtu.

Kwa anayekagua nyumba ya zamani ili kukadiria thamani yake: usipande darini peke yako, usikanyage mbao bila kujua mhimili uko wapi, na chukulia kila waya unaoning'inia kuwa una moto wa umeme. Nyumba nyingi za enzi ya ukoloni zina paa za fibrosima (bamba za saruji na nyuzi), nitazirudia.

Hatua ya 4: Mashimo

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii. Shimo halina kelele wala halitishi kama ghorofa, na ndilo linaloua watu wawili kwa mara moja.

Anza na mtaro wa msingi na shimo la fosi septike (tangi la maji machafu ya choo). Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa toni moja na nusu na zaidi. Udongo wetu mwekundu unadanganya: wakati wa kiangazi unasimama wima kama ukuta, mtu anaridhika, kisha mvua za Novemba zinaingia kwenye nyufa na upande mzima unateremka. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Wahandisi wetu wengi wamesomea vitabu vya Kifaransa, na kipimo cha Ufaransa ni kizuri kukitumia hapa: mtaro wenye kina zaidi ya mita 1.30 na mwembamba kuliko theluthi mbili za kina chake lazima utegemezwe. Tumia mbao nene pande zote mbili, zikisukumwa na vipande vya kukatiza. Kama una nafasi, laza kingo badala yake. Udongo mlegevu unataka mteremko mkubwa zaidi. Udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Usogeze angalau sentimita 60. Lori la mchanga lisikaribie. Na ngazi iwe ndani ya mtaro muda wote, karibu na mtu, si kule mwisho.

Kisha kichuguu. Lubumbashi ina vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake unapendwa na wachoma tofali. Wanauchimba kwa chini kwa sababu ndipo ulipo laini na karibu. Kichuguu kikishaliwa mguu kinabaki kichwa kizito kinachoning'inia, siku mbili, wiki, halafu kinashuka bila onyo. Kama kiwanja chako kina kichuguu, kiondolewe kutoka juu kwenda chini, kwa ngazi ngazi, na mtu asisimame kamwe chini ya sehemu iliyochimbwa ndani. Usikubali kumpa mchoma tofali kichuguu "ajichukulie mwenyewe". Kiwanja ni chako.

Kisima ndicho kibaya kuliko vyote. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya kisima kirefu au fosi ya zamani inaweza kushuka, kwa sababu ya kuoza kwa vitu au gesi nzito kukaa chini, na mtu anapoteza fahamu kabla hajajua kuna tatizo. Mwenzake anamwona ameanguka, anateremka kumwokoa, anaanguka juu yake. Habari hiyo imeshasikika mara nyingi katika nchi hii, na karibu kila mara waliokufa ni ndugu au marafiki.

Mafundi wa visima wanateremsha mshumaa: ukizimika, hawaingii. Mshumaa ni bora kuliko hakuna kitu, lakini usiuamini. Unazimika oksijeni ikishashuka sana, na hauonyeshi monoksidi ya kaboni wala gesi ya mayai viza, ambazo zinaua hata pale moto unapowaka vizuri. Tena mshumaa katika fosi yenye gesi ya kuwaka ni kiberiti. Kipima gesi cha kukodi ndicho jibu. Kabla ya mtu kuingia, pepea shimo kwa feni yenye bomba linalofika chini, na endelea kupepea akiwa ndani. Anayeingia amefungwa mkanda wa mwili mzima na kamba, na juu kuna watu wa kutosha kumvuta bila yeyote kuteremka. Mota-pompe (pampu ya injini) ya petroli haishuki kisimani kamwe, hata kwa dakika tano. Moshi wake ndio monoksidi yenyewe. Kama huna vifaa hivyo, jibu la sheria na la akili ni moja: kazi haifanyiki. Tafuta mashine ya foraji, ya kutoboa kisima. Ni ghali, najua.

Hatua ya 5: Juu

Eshafodaji (kiunzi cha kupandia) ya miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa kamba za mpira si lazima iwe kifo, lakini iwe na mambo manne. Miguu imekaa juu ya ubao mpana, si juu ya tofali lililosimama. Imefungwa kwenye ukuta au imetegemezwa, isiyumbe. Jukwaa ni la mbao zisizoteleza, pana angalau sentimita 60, zilizofungwa pande zote mbili. Na kuna kizuizi cha mkono kwenye kimo cha mita moja, kingine katikati, na ubao wa miguuni wa sentimita 15 ili nyundo isimwangukie mama wa malewa anayepita na sufuria. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana kila mahali.

Ngazi inawekwa kwa mteremko wa moja kwa nne: ikiegemea kimo cha mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Juu izidi sehemu ya kushukia kwa mita moja, na ifungwe. Paa la bati halikanyagwi wakati kuna unyevunyevu au upepo, na mawingu ya alasiri yakianza kunguruma watu washuke. Katanga ina radi nyingi, usibishane nayo.

Nondo zinauzwa kwa urefu wa mita 12. Kijana akizisimamisha ili azipeleke ghorofa ya kwanza, zinafika kwenye waya bila yeye kuangalia. Weka umbali wa mita 3 kutoka nyaya za kawaida za mtaani, na mita 5 kutoka zile kubwa za zaidi ya volti 50,000. Kama ukuta wenyewe unakaribia zaidi, andika barua SNEL wakate au wahamishe waya. Kupiga simu kwa "kijana wa SNEL" unayemjua na kumpa kitu hakuachi karatasi, na waya unaweza kurudishiwa moto bila mtu kujua mko juu.

Hatua ya 6: Saruji, vumbi na paa za zamani

Saruji mbichi inaunguza. Inaonekana kama matope, lakini inakula ngozi polepole. Mtu aliyepiga magoti kwenye zege asubuhi anagundua vidonda jioni. Glovu za mpira, buti, na maji safi ya kunawa karibu. Ikiingia jichoni, maji yatiririke dakika 15 hadi 20 ndipo aende hospitali. Kukata tofali, zege au marumaru kwa grainda kunatoa vumbi la silika linalokaa kwenye mapafu maisha yote. Lowanisha kwa maji, na mpe barakoa ya FFP2 au FFP3. Ile ya upasuaji ya bluu iliyobaki tangu Korona haizuii kitu hapo.

Paa za fibrosima za kabla ya uhuru, na miaka kadhaa baada yake, zichukulie zote kuwa na asbesto. Nyuzi zake zinaleta saratani ambayo huonekana baada ya miaka 20, 30 au 40, mtu ameshasahau alibomoa wapi. Usizivunje kwa nyundo, usizikate kwa grainda, usizifagie zikiwa kavu. Zilowanishe, fungua misumari, shusha bamba zima, zifunge kwenye plastiki nene, na usimpe mtu akafunike banda la kuku. Kumbuka pia kwamba bamba hizo zimezeeka na hazibebi mtu: weka mbao za kutembelea.

Kuhusu vifaa vyote hivi, kaske na buti zikiwemo, mwajiri ananunua. Makato ya mshahara yana mipaka ndani ya Sheria ya Kazi, na bei ya kaske haimo.

Hatua ya 7: Kila asubuhi

Mazungumzo ya dakika tano kabla ya kushika koleo: leo tunafanya nini, hatari iko wapi, nani mpya. Kwa Kiswahili, au Kibemba au Kiluba kama ndicho wanachoelewa, si kwa Kifaransa cha ofisi. Katika kampuni za ukubwa unaotakiwa na sheria kuna kamati ya usalama, usafi na kupendezesha mahali pa kazi, na kumbukumbu za vikao vyake ni kitu mkaguzi anachokiomba. Shantie ndogo isiyo na kamati imteue mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusimamisha kazi bila kumpigia bosi simu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada zenye malipo yake, na makosa ya mikono iliyochoka yanaongezeka.

Andika kwenye kibao njia ya hospitali na namba ya dereva mmoja aliyekubali kabla. Ukiwa Ruashi na majeruhi mikononi si wakati wa kujadili kama ni Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, wala wa kubishana bei ya teksi.

Hatua ya 8: Ajali ikitokea

Simamisha kazi, ondoa hatari, kisha mshughulikie mtu. Aliyeanguka kutoka juu usimwinue kwa mabega na miguu. Muache alale kama alivyo, shika kichwa kisigeuke, hadi apatikane ubao mgumu. Matibabu yako juu ya mwajiri. Sheria ya Kazi inampa wajibu huo kwa mfanyakazi na kwa familia yake, kwa hiyo "nenda kwanza, tutaona" si jibu.

Baada ya hapo, kabla ya jua kuzama:
- piga picha mahali palipotokea ajali, kabla mtu hajapasafisha;
- andika majina ya walioona, na kila mmoja aseme kwa maneno yake;
- andika tarehe, saa, kazi iliyokuwa inafanywa na vifaa alivyokuwa amevaa.

Kesho yake asubuhi taarifa iende CNSS na kwa Mkaguzi wa Kazi, nakala mbili, moja irudi na muhuri. Mwajiri akigoma kutangaza, aliyeumia au familia yake waende CNSS wenyewe, na cheti cha daktari kinachosema waziwazi majeraha yametokana na kazi. Cheti cha "malaria na maumivu" hakitasaidia mtu aliyevunjika kiuno, kwa hiyo msimulieni daktari ajali yenyewe.

Ajali ya njiani nayo ni ajali ya kazi. Masoni aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki kutoka nyumbani kwake Katuba kwenda shantie analindwa kama aliyeanguka kutoka ngazini, mradi alikuwa kwenye njia yake ya kazi na hakupitia kwingine kwa mambo yake. Ni haki inayopotea sana kwa sababu hakuna anayeitangaza.

Hatua ya 9: Mkaguzi, na mgogoro

Mkaguzi wa Kazi ana haki ya kuingia bila kukutaarifu. Mwombe hati yake ya kazi na barua ya utume, kwa adabu, kisha mfungulie. Muonyeshe daftari la watu, namba za CNSS, vyeti vya daktari, mkataba wa tasheroni. Akiandika kasoro, omba nakala na muda wa kurekebisha, na urekebishe. Akitaka kitu kisicho na risiti, tabasamu na uombe risiti.

Mfanyakazi aliyenyimwa haki yake asikimbilie mahakamani moja kwa moja. Mahakama ya Kazi haipokei shauri la mtu binafsi ambalo halijapita kwanza kwenye usuluhishi wa Mkaguzi. Unaandika malalamiko, pande zote zinaitwa, na mwishoni kunaandikwa hati: ya makubaliano, au ya kutokubaliana. Hiyo ya kutokubaliana ndiyo inayofungua mlango wa mahakama, kwa hiyo usitoke ofisini bila nakala yake mkononi, hata kama katibu amekuambia upite Jumatatu.